Mama Kiti, Daktari wa Moyo Aliyeketi na Wagonjwa Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na mpishi wa shule. Alisoma shule hiyohiyo aliyopikia mama yake. Akichapwa darasani, jikoni alikuta mwiko unamngoja. Mwaka 1987 alihitimu udaktari, na mwaka 1994 akafuzu upasuaji wa moyo.

Alipasua mioyo kwa miaka ishirini na saba. Hakuwa mpole, tusidanganyane. Aliwahi kumfukuza mwanafunzi wodini kwa kumwita mgonjwa kwa ugonjwa wake, "ile valvu ya pembeni". Lakini kabla ya kumweleza mtu ugonjwa wake, kwanza alivuta kiti akaketi. Wauguzi wakambandika jina la Mama Kiti. Mgonjwa akifia mezani, alitoka mwenyewe kuwaambia ndugu, buti za chumba cha upasuaji zikiwa bado miguuni. "Habari mbaya hutumi mtu, unaipeleka mwenyewe," alisema.

Ndivyo alivyompata mumewe, mwalimu wa hesabu. Mwalimu alipofiwa na mama yake, alimfokea daktari mbele za watu. Baadaye alirudi kuomba radhi, na tarehe 6 Desemba 1997 wakafunga ndoa. Mdogo wake marehemu, anayesoma wasifu huu, amewatania miaka yote: shemeji alikuja kugombana, akarudi kuposa.

Mwezi Mei mwaka huu marehemu alianza kuumwa tumbo na kukonda, akalazwa katika hospitali aliyoitumikia. Alimwambia mdogo wake, "Kama haiponi, nirudisheni kwangu nikafie kitandani kwangu. Ila niambiwe kwanza."

Hapa familia haimung'unyi maneno. Majibu yalitoka Juni: saratani ya kongosho, imeenea, hakuna la kufanya. Madaktari wenzake walijua. Walisimama mlangoni, wakacheka naye, wakasema vipimo vinarudiwa. Mkuu wa idara, aliyefundishwa na marehemu kushika kisu, alipopita aliambiwa, "Kaa hapa, niambie." Akatazama saa. "Kesho, Mama, tutaongea vizuri." Kesho yake alisafiri. Dada akabaki pale akidungwa sindano, na sisi tukimtia moyo kama wajinga, hadi alipofariki tarehe 2 Agosti. Mumewe aliujua ukweli alipokwenda kuchukua mwili. Aliyemweleza ni karani wa mochwari.

Hospitali imeomba kutoa hotuba hapa leo. Familia imekataa. Huko wodini wapo wagonjwa wanaosubiri kuambiwa. Waheshimiwa wakaongee nao.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mdogo wake, na mama yake mzazi, ambaye kila asubuhi anatuuliza kwa nini mwanawe hakuletwa nyumbani. Dada apumzike kwa amani. Sisi bado hatujaipata.