Phineas Mulongo na Matangazo ya Saa Saba

Bw. Phineas Mulongo anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na minne katika kituo chetu cha redio hapa Eldoret. Aliajiriwa kama karani wa mapokezi. Msomaji wa matangazo ya vifo alipougua, Phineas aliombwa ashike nafasi hiyo kwa wiki moja. Wiki hiyo inakwisha Ijumaa.

Wasikilizaji kutoka Moiben hadi Plateau wanaijua sauti yake ya saa saba mchana: ya polepole, isiyotetemeka, isiyokosea jina la marehemu. Familia zilizofiwa zilikuja ofisini kumpa mkono. Wengi wetu tulidhani kazi ile haimsumbui. Yeye pia alidhani hivyo.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wake kule Moiben, mwaka 2013. Alipewa maiki awakaribishe wageni. Akasimama, akakohoa kidogo, akaanza: "Kwa masikitiko makubwa, familia ya..."

Hema zima lilicheka. Mkewe, Mama Rosebella, alimvuta koti. "Baba Cyril, hii ni harusi! Watu wamekuja kula."

Wageni walidhani ni mzaha wa mtangazaji. Phineas alirudisha maiki, akaketi. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa halali vizuri, na nyumbani alikuwa mkali bila sababu. Muda mfupi baadaye sauti yake ilikatika hewani, katikati ya tangazo.

Alihofia kwamba kazi imekwisha, kwani msomaji asiye na sauti atasoma nini? Daktari hakuona tatizo lolote. Aliyeliona ni mshauri wa hospitali: "Koo lako ni zima, Mzee. Unazika watu kila siku, na hujamlilia hata mmoja."

Aliporudi kazini, alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi na kutueleza hayo yote. Wanaume wa rika lake wanaoweza kufanya hivyo si wengi. Aliomba tusome kwa zamu, na aliyefiwa asipewe zamu mpaka awe tayari. Mengine alijipangia mwenyewe. Kila akimaliza kusoma, alikwenda langoni kuzungumza na askari wetu, Kipkirui, juu ya ng'ombe wake wa Sugoi, mpaka kicheko kirudi. Wakati huo hakuna aliyemwita, hata kwa simu.

Meneja wetu, Bw. Wilson, alilalamika kwamba lango limegeuzwa baraza. Baada ya mkutano mmoja mgumu wa bajeti, alionekana papo hapo langoni akiuliza, "Kipkirui, yule ndama mwekundu alipona?" Hajalalamika tena.

Leo kila msomaji hupitia langoni. Chepngetich, aliyefunzwa na Phineas na ambaye sasa anashika nafasi yake, anawajua ng'ombe hao kwa majina. Sauti ya Phineas haikukatika tena, wala ya msomaji mwingine yeyote.

Desemba, binti yake Nanzala anaolewa hapa mjini. Safari hii Phineas ameiomba maiki mwenyewe. Mama Rosebella amekubali, ila ameshasema atakaa karibu na koti.

Asante, Mzee Mulongo. Ulitusomea vifo vya watu wetu kwa heshima, kisha ukatufundisha kurudi nyumbani tukiwa wazima. Tunakutakia usingizi mzuri, na kuanzia sasa, matangazo ya harusi tu.