Cherehani Ilikuwa Inalia

Wafiwa wenzangu, wazee wetu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye tangu ujana tulimwita Pini, kwa sababu pini za ushonaji hazikumtoka mdomoni, hata salamu aliiitikia kwa pua ili zisidondoke.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Juni 1971, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga baba yetu kwa mikono yake, maana alikuwa mwashi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alianza darasa la kwanza Januari 1979 na kumaliza la saba Novemba 1985, na karatasi niliyoandikiwa na kaka inasema alisoma bila tatizo lolote. Si kweli. Kuanzia mwezi Machi wa mwaka ule wa mwisho alinyamaza siku arobaini, akawa anakwenda shule, anarudi, anaosha vyombo, analala, neno hakuna, mwalimu akasema ni kiburi, mama akasema ni mambo ya kuvunja ungo, yatapita, nami niliyelala naye kitanda kimoja nilifurahi kwamba sasa napata nafasi ya kuongea peke yangu.

Mwaka 1987 alipelekwa kujifunza ushonaji, na Februari 1989 akaajiriwa katika karakana ya sare za shule, alikodumu miaka saba, akisifiwa kwa mshono ulionyooka na kuogopwa kwa ulimi wake, maana mteja akilalamika kwamba sketi imembana, Pini alimjibu taratibu kwamba kitambaa hakijasinyaa, ni yeye aliyebarikiwa. Tarehe 24 Agosti 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, aliyeketi hapa mbele, wakapanga chumba na sebule, akanunua cherehani yake mwenyewe na kuanza kushonea nyumbani. Mimi nilihamia chumba cha pili yake mwaka 2001, tukatenganishwa na ukuta mmoja tu, na cherehani yake ilikaa kwenye ukuta huo.

Walijaliwa mtoto wa kiume tarehe 9 Mei 1998, na wa kike tarehe 2 Novemba 2003. Baada ya huyo wa pili, dada alilala miezi mitatu uso ukutani, mtoto akilia yeye anatazama rangi ya ukuta, mama mkwe akauliza ni mzazi gani huyu, na sisi wa damu yake, badala ya kumtetea, tukasema anadeka. Kliniki nilimpeleka mimi, mtoto akapimwa uzito, akachomwa sindano, akaandikiwa kadi, na mama yake hakuna aliyemuuliza hata amelalaje. Siku moja asubuhi nikasikia cherehani inalia, nikakimbia kumwambia mama kwamba Pini amepona, na kuanzia siku hiyo familia nzima tukawa na kipimo chetu, cherehani ikilia, mzima.

Alipofika miaka arobaini na minane hedhi ikakoma, akawa anapata joto, halali, anafoka na kulia saa hiyo hiyo, tukamtania kwamba uzee umemjia na kelele. Ni mwaka 2021 tu, akiwa na miaka hamsini, daktari mmoja wa kike alipomkalisha chini na kumuuliza tangu lini, naye akajibu tangu darasa la saba. Ugonjwa ukapewa jina lake, sonona, akaanza dawa, na kwa miezi kumi na moja tulimpata dada ambaye sikuwahi kumjua, anaimba akipiga pasi. Kisha mimi, mimi ninayesoma hapa, nikamwambia aziache kabla watu hawajaanza kusema, maana aliyepona anameza nini tena. Akanisikiliza, kwa sababu alinipenda.

Karatasi inasema marehemu alifariki kwa presha. Dada yangu hakuwa na presha. Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, dada alijitoa uhai, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Kaka, nisamehe, nimeshasema. Wiki ile nzima cherehani ilikuwa inalia kuanzia asubuhi, kaka akinipigia simu namjibu hajambo, yupo kazini, sikia mwenyewe, na siku hiyo iliponyamaza mchana nilisema moyoni amekwenda kula.

Tulipoingia tulikuta sketi arobaini na mbili za shule, zimekunjwa vizuri, zimepangwa kwa saizi. Nikainua ya kwanza, ikaachana mikononi mwangu, vipande vikaanguka sakafuni, na ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Zote zilikuwa na matundu ya sindano, yamenyooka kama alivyozoea, ila uzi haukuwepo, sehemu ya kuwekea uzi kwenye cherehani ilikuwa tupu na ina vumbi. Alishona wiki nzima bila uzi, na mimi nikisikiliza. Sina faraja ya kuwapa, nimeitafuta siku nne sijaipata.

Familia inamshukuru yule daktari aliyeuliza tangu lini, wauguzi wa zamu, majirani waliobeba maji na viti, mafundi wenzake wa karakana waliozishona upya zile sketi juzi ili watoto wa watu wasikose sare, na shemeji, aliyemtunza kwa kadiri barabara ilivyomruhusu.

La mwisho halimo kwenye karatasi. Binti yake marehemu, yule wa mwaka 2003, amejifungua mwezi Juni, na tangu Jumanne kila anayebisha hodi anajibiwa kutoka ndani kwamba hajambo, anapika. Mwanangu, sufuria nazisikia. Leo tukitoka makaburini sitauliza mlangoni, nitaingia, nitakaa kitandani kwako, na kesho asubuhi tutakwenda wote wawili kwa daktari yule, watu waseme watakavyo.

Dada Pini, cherehani yako tumeifunika. Lala, usijibu salamu ya mtu.