Fundi Nusu Anaweka Tepu Chini

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Fundi Nusu anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya pikipiki kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na afisa utumishi, lakini yeye ana miaka miwili tu hapa na hajawahi kushika spana. Nimemnyang'anya kalamu. Mimi ni mtunza stoo, mnaniita Bibi Stoo, shule yangu iliishia darasa la sita. Atakayeona kosa la herufi alinyamazie.

Aliingia akiwa kijana mwembamba wa kuziba pancha. Mwaka wa tatu akakabidhiwa shokapu za mbele za pikipiki zote za matarishi, na hapo ndipo alipopata jina. Juu ya kila shokapu kuna skrubu ya kukaza springi. Wengine huizungusha mara tatu nne, wakajifuta mikono, wakaenda kunywa chai. Yeye huzungusha nusu, akapima, akazungusha nusu nyingine, akapima tena. Ukimharakisha anakuuliza kama meno yako ya mbele umeyachoka.

Utaratibu wake mnaujua, ingawa mnaununia. Gurudumu la mbele linanyanyuliwa, anapima kwa tepu urefu wa shokapu ikiwa haina mzigo. Kisha unapanda mwenyewe, na helmeti, na sanduku limejaa, miguu juu, mwenzako kakushikilia, naye anapima ilivyozama. Ikizama kupita theluthi ya nafasi yake ya kuzama anakaza, isipozama vya kutosha analegeza. Mwisho anafunga kimpira kwenye bomba la shokapu na kukutuma barabara ya mashimo. Ukirudi anainama kuangalia kimpira kimesukumwa mpaka wapi, na wewe husemeshwi mpaka amalize.

Mkuu mmoja alipotaka pikipiki zote zikazwe sawasawa ili kuokoa muda, Fundi hakubishana. Alimpandisha dereva wa lori, yule mnene, akapima. Akamshusha, akampandisha tarishi tuliyemwita Uzi, pikipiki ileile, akapima. Kisha akampa mkuu tepu asome mwenyewe. Mkuu alisoma, akasema endeleeni, akarudi ofisini. Dereva wa lori ndiye aliyenuna wiki nzima.

Tangu utaratibu huu uanze, miaka ishirini na miwili sasa, hatujapata ajali hata moja ya shokapu za mbele. Matawi yetu mengine matatu yameuiga. Lakini hamjui ulikotoka, na mimi simwachi mtu huyu aondoke bila kuwaambia.

Zamani Fundi hakuwapandisha watu. Aliwauliza kilo zao tu, akaziandika kwenye daftari, akakaza kwa hesabu hiyo. Nanyi mlimdanganya, wanaume mkijiongezea, wanawake tukijipunguzia. Siku moja tarishi mmoja wa kike, mwenye maringo yake, alijibu mbele ya wenzake kwamba ana kilo hamsini na nane. Alikuwa na sabini na nne. Shokapu zikaachwa laini. Kesho yake, kwenye mteremko wa kuingia sokoni, sanduku limejaa vifurushi, gurudumu likaingia shimoni, shokapu zikazama mpaka zikagonga mwisho, na dada akarushwa juu ya usukani. Mfupa wa bega ukavunjika. Kamati ya kuchunguza ajali ikaandika kuwa fundi alizembea. Akapewa onyo la maandishi, na usimamizi wa karakana, aliokuwa aupate mwezi uleule, akapewa mtu mwingine.

Tarishi huyo ni mimi. Ndiyo maana nilihamishiwa stoo.

Niliporudi kazini, mkono ukiwa bado umefungwa, aliniita. "Kaa hapa, dada." Nikakaa juu ya pikipiki. Akapima, akaitazama tepu kwa muda mrefu. Akafungua daftari kwenye ukurasa wangu, akaikata hamsini na nane kwa mstari mmoja. Hakuandika namba nyingine.

"Bega linauma bado?"

"Kidogo."

Basi. Tangu siku ile hakumuuliza mtu kilo zake tena, wala hakurudi kwenye kamati kujitetea. Nilijiambia akisema, nami nitakiri. Hakusema. Mwaka ukawa kumi, kumi ikawa ishirini, na kila asubuhi nilimkabidhi spana zake kama mtu asiye na neno. Kiburi kile kilinishinda uzito, na uzito wenyewe mnauona.

Juzi nimepeleka maelezo kwa mkuu, kwa mwandiko wangu na sahihi yangu. Amekubali onyo lile litolewe kwenye jalada la Fundi kabla ya sherehe. Afisa utumishi, usinitazame hivyo. Jalada liko kabati la pili, droo ya chini, nimelihakikisha mwenyewe.

Nyinyi matarishi, fundi mpya akiwaambia pandeni, pandeni. Msilete aibu za kijinga, mimi nimeshazilipia na mwenzangu kazilipia zaidi.

Fundi, asante kwa mabega yote uliyoyaokoa, na kwa lile moja ulilolinyamazia. Tunakuombea siku nyepesi, usingizi wa mchana, na barabara isiyo na shimo. Kabla hujalifunga daftari, ukurasa wangu bado hauna namba.

Andika themanini na moja.