Mvua ya Inchi Tano

Katika basi la Kisarawe, masika ya mwaka 1953, karani wa barabara aliketi mbele yangu, kando ya Bi Mwanahalima, mwenye nyumba bondeni chini ya barabara mpya. Kosa lake lilikuwa kutaja kazi yake.

“Bomba mlilolaza chini ya barabara ni jembamba, mwanangu. Maji yakikosa njia yatapita jikoni kwangu.”

“Mama, tumepiga hesabu. Kwa miaka kumi mvua haijazidi inchi tano kwa siku.”

“Nani huipima?”

“Mzee Pazi. Kila asubuhi husoma chombo.”

“Pazi shemeji yangu! Siku mafuriko yalipochukua mbuzi wangu, alisoma ngapi?”

“Tano.”

“Na mwaka jana, migomba ilipong’oka?”

“Tano kamili,” alisema kwa fahari. Hata mimi hupenda hesabu zinazokubaliana.

“Na hicho chombo, kikijaa mpaka kikamwagika, kinakuwa na inchi ngapi?”

Karani alifungua daftari, akalifunga. “Tano.”

Basi likasimama. Mbele yetu maji yalikuwa yakivuka juu ya barabara, yakiteremka bondeni. Bi Mwanahalima akavua ndara zake.

“Shuka, baba. Haya utayapimia jikoni kwangu.”