Bi. Biasha Mfaume: Karatasi za Kujua na Karatasi za Kufanya

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Biasha Mfaume anakabidhi funguo za masjala ya Kituo cha Ardhi na Mikoko, Kibiti, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza mwaka 1994 kama mpiga chapa. Masjala alipewa miaka mitatu baadaye kwa sababu, wanasema wa zamani, yeye peke yake alikuwa akijua kilichomo.

Alikuta kila kitu kimelundikwa pamoja, akagawa mafungu mawili tu: karatasi za kujua na karatasi za kufanya. Ramani, sheria na fomu za mipaka ya mashamba ziliingia kabatini, kila kijiji na rafu yake. Kazi zinazoendelea zilipewa vikapu vya ukili, alivyovisuka mwenyewe, akavitundika ukutani vikiwa na tarehe ya kumaliza. Kikapu kilichopitisha tarehe kilionwa na kila aliyeingia kuazima kalamu, na mwenye nacho alitaniwa mpaka akimalize.

Sharti lake moja hatukulipenda. Anayetoa karatasi kabatini aache mahali pake kipande cha boksi chenye jina, kazi na sahihi. Tuliona anatusumbua.

Mwaka 2021 Zawadi Saidy, mjane na mkulima wa mpunga wa Mbuchi, aliambiwa na shemeji zake kwamba shamba si lake. Baraza la ardhi likataka fomu ya mipaka aliyotia sahihi pamoja na marehemu mumewe. Zilibaki siku nne, na rafu ya Mbuchi haikuwa nayo. Mwandishi wa wasifu huu, Abdulrazaq, aliapa hajawahi kuigusa. Bi. Biasha hakubishana. Alichomoa kipande cha boksi, akamwonyesha sahihi yake mwenyewe.

Abdulrazaq alikuwa amebeba fomu zote za Mbuchi kwa ajili ya mradi wa kupanda mikoko, ili vitu vyote vya mradi viwe pamoja. Mradi ulipoisha, akafunga furushi moja na kulipeleka stoo ya Nyamisati. Bi. Biasha alikwenda naye huko, wakafungua mafurushi kutwa nzima. Alimlaumu mara moja tu, walipokuwa wakila: kwamba anayebeba kila kitu, siku ya kutafuta hana pa kuanzia. Fomu ilipatikana jioni ile, na Zawadi akabaki na shamba lake.

Bi. Biasha, tunakupenda, na kesho Jumanne tunaiogopa. Vyombo vikiwa pamoja havikosi kugongana, utusamehe tulipokuudhi. Asante kwa uvumilivu wako. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na nyumbani kwako kuwe na utulivu na wageni wa heri.

Tulimwalika Zawadi Saidy kwenye hafla hii. Ametuma salamu na kuomba radhi: hataweza kufika, anavuna.