Mama Athanasie Kaswera, Aliyekifumia Kifuniko Mwili
2 Mei 1953 – 9 Novemba 2025

Athanasie Kaswera alizaliwa Kyondo, karibu na Butembo, tarehe 2 Mei 1953, sikukuu ya Mtakatifu Athanasi. Padri aliyembatiza hakutafuta jina lingine. Baba yake, Éphraïm Kambale, alilima kahawa. Mama yake, Bénita Masika, alifuma vitunga, vikapu vya nyasi ambavyo watu wa milimani hubebea mavuno. Kitunga huanza na fundo dogo katikati ya kitako. Mama Bénita aliliita fundo hilo kitovu, akawafundisha binti zake kwamba kitunga hakianzii mahali pengine popote. Kaswera alilishika fundisho hilo maisha yake yote. Alilivunja mara moja tu.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha akapelekwa Butembo kujifunza kushona. Alipata cheti mwaka 1969. Mtihani wa mwisho ulikuwa shati la mtoto. Alimaliza mapema, akautumia muda uliobaki kushona mfuko mdogo upande wa ndani, mahali ambapo hakuna ambaye angeuona. Sista aliyesimamia mtihani alimuuliza mfuko huo ni wa nini.

"Mutoto atakuwa na kitu ya kuficha, masera," alijibu.

Alianza kazi katika atelie moja ya ushonaji, sokoni Butembo. Alishona sare za shule, na pia maturubai ya malori, ambayo kwetu huitwa mabashi. Bashi haishoneki kwa sindano ya kawaida. Fundi wa baiskeli alimtengenezea sindano kutoka kwenye njiti ya gurudumu: aliinyoosha, akaitoboa tundu, akaipinda ncha. Kaswera alikuwa akiichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake, upande wa kulia, kila alipomaliza kazi. Ilikaa hapo zaidi ya miaka hamsini, na watoto wake walijifunza mapema kumkumbatia kutokea upande wa kushoto.

Bashi ndiyo iliyomletea mume. Mwaka 1973 dereva kijana aliyeitwa Josias Paluku, msafirishaji wa maharagi kutoka Kiwanja, alileta bashi iliyopasuka. Ikashonwa. Wiki iliyofuata aliirudisha ikiwa imepasuka mahali pengine. Wiki ya tatu Kaswera aliutazama mpasuko, akaona umenyooka kama mstari wa rula.

"Shofere," alimwambia, "kamyo yako inabebaka maharagi ao nyembe?"

"Inabebaka maharagi, dada. Wembe iko mu mufuko yangu."

Walifunga ndoa Kyondo tarehe 20 Julai 1974. Mwaka 1977 walihamia Goma, wakajenga nyumba ya mbao Murara, na Mungu akawajalia watoto watatu: Charline, Julien na Benny. Waliishi pamoja miaka thelathini na tisa, hadi Papa Josias alipofariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 2013. Wembe ule Mama Kaswera aliutunza, ukiwa umefungwa kwenye kipande cha bashi, hadi nyumba ile ya Murara ilipopotea.

Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotapika, Mama Kaswera alikuwa jikoni. Alikuwa amefunua sufuria kutazama maharagi wakati majirani walipoanza kupiga kelele kwamba moto umefika barabarani. Aliwakusanya watoto, wakakimbia na umati hadi Gisenyi. Walipokaa chini, Charline, aliyekuwa msichana mkubwa, aliutazama mkono wa mama yake.

"Mama, sufuria iko wapi?"

Ndipo Mama Kaswera alipotambua alichokuwa amebeba njia nzima. Ni kifuniko cha aluminiamu, kilichobonyea upande mmoja.

"Iko ku moto," alisema. "Maharagi haijaiva."

Waliporudi, nyumba ya Murara haikuwapo, wala mahali ilipokuwa. Palikuwa na jiwe jeusi lenye joto, lililopita kimo cha mlango. Vitu vyake viwili tu vilikuwa vimebaki, kifuniko mkononi na sindano kwenye ukosi. Familia ilipata kiwanja Ndosho, ikaanza upya chini ya bashi.

Huko Ndosho alifanya jambo ambalo walioyaona matokeo yake hawajamaliza kulisimulia. Mumewe alimletea nyasi kutoka Rutshuru, naye akafuma kitunga cha kukaa chini ya kifuniko kile. Kwa kuwa kipimo pekee alichokuwa nacho ni kifuniko, ilimbidi aanze mdomoni na kushuka, duara baada ya duara, akifuata hata pale palipobonyea. Kitovu kilikuja mwisho. Mama yake alipoletewa kitunga hicho Kyondo alikigeuza juu chini, akakitazama muda mrefu, kisha akakirudisha bila neno. Kaswera alisema hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Alitamani kuona wengine walikuwa wamebaki na nini. Alimwomba Papa Buhendwa, kiongozi wa shirika dogo la kanisa katika avenyu yao, awatangazie akina mama walete vitu vya nyumbani, vya kutengeneza kwa mkono au vya kuokota kwenye majivu, wagawane habari zake. Papa Buhendwa alikuwa mtu wa maneno machache. Alitangaza hivi: "Jumapili saa nane, kwa Mama Kaswera, kugawa vitu."

Mwaka ule, Goma, neno kugawa lilikuwa na maana moja tu: lori la msaada, jetoni ya kupokelea na mstari. Jumapili tarehe 14 Julai 2002, Mama Kaswera alitoka nje akakuta mstari umeanzia mlangoni kwake na kupinda kona ya avenyu. Watu walikuwa na jetoni, kadi, mabeseni na mifuko mitupu.

"Mama, kamyo inafika saa ngapi?"

"Kamyo gani?"

"Ya kugawa."

Wa kwanza katika mstari alikuwa Alima, mjane wa familia ya Maniema, aliyekuwa amehamia Ndosho hivi karibuni. Alikuwa Mwislamu, na tangazo la kanisa lilimfikia kupitia kwa majirani watano. Alikuwa ameshika kikapu cha ukindu chenye mistari myekundu. Mama Kaswera, ambaye hakuwa na hata kikombe cha unga cha kumpa, alikitazama kikapu.

"Hii, nani aliisuka?"

"Mama yangu," Alima akajibu. "Munaandika na hiyo?"

"Aliisuka wapi?"

"Kasongo. Andika pia niko na watoto sita."

Mzee wa nyuma yake hakungoja kuulizwa. "Mufuko yangu alishona bibi yangu! Sisi tuko munane!"

Kwa hiyo Mama Kaswera aliupitia mstari wote. Aliuliza habari za kila kitu kilicholetwa kitupu. Kulikuwa na gunia la mchele lililoshonewa vishikio vilivyokatwa kwenye suruali ya mtoto aliyekua. Kulikuwa na beseni lililozibwa tundu kwa sarafu ya zamani. Alipofika mwisho, watu walikuwa wameshaacha kuulizia lori. Walikuwa wanatazamiana mizigo. Ndipo akaleta kitunga chake chenye kifuniko cha aluminiamu.

"Mama," mtu akasema, "sufuria yako itaungua!"

Walicheka. Aliwaacha wamalize.

"Sufuria iko chini ya mawe," akasema. "Kifuniko ilibakia yenyewe. Niliifumia mwili."

Kitunga kilipita mikononi mwa watu. Mmoja mmoja alifunua, akatazama ndani, akafunika. Hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyeondoka hadi kiliporudi kwa mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kulikuwa na kugawa kwa Mama Kaswera. Jina halikubadilika, ingawa hakuna kilichowahi kugawiwa. Kitenge kilitandikwa uani. Kila mtu aliweka juu yake kitu kimoja, akataja aliyekitengeneza au alikokikuta. Kuuza kulikatazwa. Watoto waliletwa waone kijiko cha mti kilichochongwa kambini, ufunguo wa nyumba isiyokuwapo tena, mwanasesere wa majani ya migomba aliyevalishwa sare ya shule. Wengi waliohudhuria mazishi haya waliwahi kukaa uani pale wakiwa na kitu kwenye mapaja yao, wakisubiri zamu.

Alima alileta kikapu mara ya kwanza. Mara ya pili alileta kitu ambacho hakuwa amemwonyesha mtu: furushi la ukili, ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, ambao huzungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Mama yake alikuwa akiusuka alipofariki Kasongo mwaka 1998. Ulikuwa umetosha kwa mkeka mzima. Mwisho wake ulibaki wazi, chane za ukindu zimetawanyika kama vidole.

Mama Kaswera alichomoa sindano kutoka kwenye ukosi. "Lete, dada. Wiki mbili tu, utaulalia."

"Na hiyo sindano yako ya mabashi? Mama yangu alikuwa anasuka mukeka, hakuwa anafunika maharagi."

"Basi shona weye mwenyewe."

"Nikiushona," Alima alisema, "mama atakuwa amemaliza."

Alileta furushi lile lile kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kabla ya kulirudisha nyumbani alizilowesha chane za mwisho kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ukindu mkavu hukatika. Mama Kaswera hakuchoka kumchokoza: "Alima, hii mukeka ni ya kulalia ao ya kulinda?" Naye Alima alijibu kila mara: "Uliza maharagi yako kama imeiva." Hawa wawili, mmoja akienda misa na mwingine msikitini, hawakupitisha siku bila kugongeana mlango.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Bomu lilitoboa paa la nyumba ya Alima. Mwezi uliofuata mwanawe Jumaine alimwita Kisangani. Safari ilikuwa ndefu na ya kubadili magari na pikipiki. Furushi la ukili halingebebeka. Mama Kaswera alilichukua. Kisha akajaza viazi vilivyochemshwa ndani ya kitunga chake, akakifunika, akampa Alima.

"Hapana, Kaswera. Hii hapana."

"Nitalinda ya kwako, weye linda ya kwangu. Lakini kifuniko irudi. Umesikia, Alima? Kifuniko."

Tarehe 14 Juni 2025 Mama Kaswera alipooza upande wa kulia. Mkono ulioshona miaka hamsini na sita ulilala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Alitibiwa wiki tatu hospitalini, kisha akarudishwa nyumbani, ambako Charline alimhudumia hadi mwisho. Hakuogopa kufa, na alisema hivyo kwa padri bila kuulizwa. Aliogopa jambo moja: kufa akiwa na furushi la Alima ndani ya nyumba. Kila Jumapili alimwagiza Charline alifungue na kuzilowesha chane.

"Mama, Alima iko Kisangani. Barabara yenyewe ni mbovu."

"Kwani ukili inajua habari ya barabara? Lowesha. Anaweza kufika leo."

Mwezi Oktoba, sauti yake ilipoanza kufifia, Charline alimpigia Alima simu. Alima hakuuliza mengi. Alianza safari siku iliyofuata, kupitia Beni na Butembo.

Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, asubuhi, Charline alizilowesha chane mbele ya kitanda, kama kawaida. Mama Kaswera alinyoosha mkono wa kushoto, akazigusa, akaona ni laini. Alifariki kabla ya misa ya pili kuisha. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili.

Alima alifika kesho yake mchana kwa pikipiki kutoka Kiwanja, kitunga kikiwa mapajani. Alishuka mbele ya hema la kilio, akaelewa bila kuambiwa. Alikaa chini, akalia, kisha akaomba furushi lake na sindano ya mabashi.

"Mama Alima," Charline akamwambia, "ulisemaka ukiushona, mama yako atakuwa amemaliza."

"Amemaliza, mwanangu. Na huyu amemaliza. Acha wapumzike wote wawili."

Alifunga chane za mwisho kwa mkono wake. Kisha yeye na akina mama wa kugawa walikaa duara, wakaushona Jumatatu na Jumanne, wakipokezana ile sindano moja. Mishono haifanani. Ya Alima ni midogo. Mingine ni mipana kama ya bashi. Mkeka huo ndio uliotandikwa chini ya jeneza mnaloliona. Jumapili ya kwanza ya Desemba, saa nane, utatandikwa uani Ndosho badala ya kitenge.

Jana jioni Charline alifunua kitunga. Alima hakuona vema kukirudisha kikiwa kitupu. Akiwa Kiwanja alikijaza maharagi sokoni. Yalipikwa pale pale kwenye kilio, yakafunikwa kwa kifuniko kilekile. Hakikukaa vizuri kwenye sufuria mpya, mvuke ulikuwa ukitokea mahali palipobonyea. Lakini maharagi ya Mama Kaswera, yaliyokuwa motoni tangu tarehe 17 Januari 2002, yaliiva, na watu wote wakala.

Ameacha watoto watatu, Charline, Julien na Benny. Wajukuu saba, wakiwamo Wivine, anayefuma vitunga, na Éphraïm, anayesema atafuma. Dada yake mdogo aliyeko Kyondo. Na Alima, ambaye familia inaomba atajwe hapa pamoja na ndugu wa damu.

Mikono yake imemaliza kazi. Apumzike kwa amani.