Misheck Kithinji, Fundi Aliyenuka Spiriti Bila Kuionja

Anayesoma wasifu huu ni dada wa marehemu, Cicily Karwirwa, na kabla hajaanza anaomba wanaonong'ona kule nyuma ya tenti wanyamaze. Wamenong'ona miaka mingi. Leo ni zamu ya familia.

Misheck Kithinji alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, hapa Muthara, kitinda mimba wa marehemu mzee Riungu na mama Marcella. Alikuwa mtundu tangu utotoni. Siku moja mama alipokuwa akingoja wageni wa kanisa, alimkuta ameifungua stovu ya mafuta vipande vipande na kuitandaza mlangoni. Mama alishika mwiko tayari kumchapa. Mtoto akazibua kitundu cha stovu kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, akairudisha, akaiwasha, na ule moto wa njano uliokuwa ukipaka sufuria masizi ukageuka bluu. Wageni walikunywa chai mapema siku hiyo, na mama akampikia kijana chapati yake peke yake.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani hadi mwaka wa 1995, akamaliza sekondari mwaka wa 1999. Mwaka wa 2000 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Embu, akasomea magari. Alipohitimu aliajiriwa na fundi Gichovi, ambaye gereji yake ya Embu ilitengeneza magari ya mashindano. Gichovi yuko hapa, amekuja na mkongojo, na familia inamshukuru.

Sasa kazi yake. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mzee Kiambi, alikuja nyumbani juzi akashauri tuiruke aya hii. "Karwirwa, matanga si mahali pa kuanika mambo," alisema. "Andika tu alikuwa makanika, akaugua kwa muda mfupi. Watu wataelewa."

"Wataelewa nini, mzee?"

Mzee aliangalia kofia yake. Basi tunaandika, ili muelewe sawasawa.

Marehemu alikuwa akibadilisha magari ya mashindano yatumie spiriti badala ya petroli. Spiriti ile hutoka kwenye viwanda vya sukari, na injini yenye turbo huipenda kwa sababu haipigi kelele za kugonga hata ikisukumwa sana. Lakini injini huinywa kwa wingi kuliko petroli. Kwa hiyo Kithinji alitoa pampu ya tangi akaweka kubwa, akatoa nozeli akaweka zinazomwaga zaidi, kisha akabadilisha mabomba yote ya mafuta. Juu ya mabomba hakuwa na mzaha. Spiriti hula mpira wa kawaida polepole kwa ndani, na kwa nje mpira unaonekana mzima. Yeye aliweka mabomba ya plastiki ngumu yaliyofumiwa waya, na kila mteja alimwambia neno lile lile: "Ukiona imevuja, usiende kwa mwingine. Niletee mimi." Mwaka wa 2010 alifungua gereji yake Majengo, mjini Meru.

Kazi hiyo ilimwachia harufu. Aliosha mikono kwa sabuni ya unga hadi ngozi ikapasuka, na harufu haikutoka. Mwaka wa 2014 wazee wa kanisa walimtoa kwenye kwaya, bila kumwuliza hata swali moja. Mlisema lisemwalo lipo. Kithinji hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote, na Jumapili zilizofuata aliketi benchi la mwisho, karibu na dirisha, ili asiwaudhi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Dada yake si mpole hivyo.

Alimwoa Wambeti kutoka Embu mwaka wa 2008. Siku ya mahari wazee walileta pombe ya asali kwa pembe, naye akaigusa pembe kwa midomo tu, kwa heshima, akampitishia Gichovi. Baba mkwe, mzee Kivuti, akamnusa bega akashangaa: "Kijana, wewe unanuka kuliko sisi sote na hunywi. Sasa hiyo nyingine unaipelekea nani?" Akajibiwa, "Subaru, baba." Mzee alicheka mpaka akatokwa na machozi. Yeye aliuliza akajibiwa. Ninyi mngeuliza mngejibiwa vilevile.

Sasa kifo chake. Jumamosi tarehe 2 Novemba 2019 kulikuwa na mashindano kwenye barabara ya murram nje ya Meru. Subaru ya Mwirigi, mfanyabiashara wa miraa wa Laare, ilitengenezwa na Kithinji, ila wiki chache kabla bomba moja lililegea, na Mwirigi akalibadilisha njiani kwa bomba la mpira la petroli. Hakumwambia fundi. Saa sita mchana, jua likiwaka, Kithinji aliinama kwenye injini iliyokuwa ikinguruma. Mpira ukapasuka, spiriti ikamrukia kifuani, ikagusa chuma cha moto, ikawaka.

Spiriti tupu ikiwaka juani moto wake hauonekani. Haina moshi. Watu walichoona ni fundi anayeruka, anayejipiga mikono kifuani, anayejibiringisha vumbini. Mwirigi akapaza sauti: "Cheki fundi amelewa mapema! Mwacheni acheze!" Watu wakacheka. Wengine wakatoa simu wakapiga picha, na kicheko hicho kipo, tumekisikia. Ni Runji, aliyefanya kazi naye gereji, aliyeona nywele za kichwa zikijikunja zenyewe, akamrukia na gunia lililoloa maji. Kithinji alilazwa na kufariki tarehe 11 Novemba. Alipoweza kusema, alimwuliza Wambeti kama gari la Mwirigi limefungwa bomba zuri, lisije likamchoma mtu mwingine.

Familia ina hasira. Haitaificha chini ya maua. Mtu aliungua mbele ya umati, na umati ulimwacha aungue kwa sababu ulikuwa umeshaamua zamani yeye ni mlevi.

Marehemu amemwacha mama yake Marcella. Mjane wake Wambeti. Wanawe Riungu na Kivuti, kila mmoja na jina la babu yake. Na dada yake Cicily Karwirwa. Amemwacha pia Runji, ambaye mikono yake bado imefungwa bandeji.

Ombi la mwisho. Desturi ni kila mmoja arushe udongo kaburini. Leo, kabla ya kurusha, sema kwa sauti, mama yake asikie: "Kithinji hakuwa mlevi." Mzee Kiambi ataanza, kisha Mwirigi, kisha sisi wengine. Asiyeweza kutamka hayo aweke udongo wake chini aende nyumbani. Tutalijaza kaburi wenyewe.

Lala kwa amani, ndugu yetu. Hapa juu tumeshawaambia.